Zamu ya Kumwosha Beldina

Kisumu,
Jumamosi, 19 Juni 1993

Kwa dada yangu mpendwa Subira,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Nakuru? Goti lako limepoa, au baridi ya huko bado inalisumbua? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku kwa uwezo wa Mungu tu wazima wa miili. Mvua imekatika, omena wa ziwani ni wengi sokoni, na lile paa la jikoni lililokuwa likivuja limetengenezwa. Wazima wa miili nasema, dada, kwa sababu moyo wangu una hasira tangu Jumanne. Nimeswali nayo, nimelala nayo, na imekataa kutoka.

Beldina amefariki. Keti kwanza. Ni Beldina wetu, muuza omena wa soko la Kibuye, yule aliyesilimu akapewa jina la Halima na hakuna aliyelitumia, hata yeye mwenyewe. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Alikata roho Jumanne alfajiri chumbani mwake, jirani yake Nabwire akiwa amemshika mkono.

Kufa ni kwetu sote, kwa hilo silalamiki. Kinachonichoma ni kwamba alilala pale bila kuoshwa tangu alfajiri hadi alasiri, katika mji wenye wanawake Waislamu wa kujaza msikiti.

Ngoja nikueleze, maana wewe uliondoka enzi zile ambapo msiba ukisikika, aliye karibu anaepua chungu na kwenda. Mwaka jana kamati yetu ya mazishi ilipata katibu mpya, Bwana Obeid, mtoto wa yule marehemu fundi saa. Ni kijana wa heshima, amesomea uhasibu. Akasema mambo yetu ni ovyo, msiba mmoja waoshaji wanasongamana, mwingine hawatoshi. Hilo lilikuwa kweli. Basi akaweka zamu. Kila wiki mwanamke mmoja anashika ufunguo wa stoo yenye kitanda cha kuoshea, karai na birika. Ili watu wasichoke, kila anayeosha anapewa leso mpya. Lakini anayeoshwa lazima awe amejiandikisha, na asiye zamu akiosha anakosa leso na kusemwa mbele ya kikao.

Mwanzoni, wallahi, nilifurahi. Kisha nikaanza kusikia maneno. Siku moja tunamvisha maiti sanda, mwenzangu ananinong'oneza kwamba leso za safari hii ni nyepesi, ukiinua unaona jua. Mwingine akauliza kama kule Milimani hawafi, maana matajiri huongeza na pilau. Nikamwambia anyamaze, akanijibu nisimletee uwalii wangu. Na ni watu walewale, dada! Wale wale waliomwosha mama yetu bila kuitwa na mtu.

Beldina hakujiandikisha. Wakati wa kuandikishana alikuwa Kombewa akimuuguza ndugu yake hospitalini. Aliporudi akaambiwa asubiri mwaka mwingine.

Mimi Jumanne hiyo nilikuwa Maseno kwa mwanangu Muhidin, mkewe amejifungua binti, alhamdulillahi, hayo nitakueleza siku nyingine. Narudi alasiri, nakuta wanawake wamekaa mkekani nje ya mlango wa Beldina, wametulia kama wanaosubiri daktari. Nikauliza kama ameshaoshwa. Wakatazamana. Wakasema mwenye zamu alipelekewa habari tangu asubuhi, lakini jina la marehemu halimo, na hawezi kufungua stoo bila neno la Bwana Obeid, na Bwana Obeid yuko kazini. Nikawauliza, na mikono yenu nayo imefungiwa stoo? Mmoja akasema, "Zeituni, usitufokee, si zamu yetu." Nikamwambia mimi na yeye tulikaa jamvi moja chuoni, na mwalimu alitufundisha kwamba maiti asipooshwa, dhambi ni ya mji mzima. Mwalimu hakutaja zamu.

Kaka yake Beldina, Bwana Oketch, alikuwa amefika kutoka Seme na pikapu ya kukodi. Akaniita kando kwa adabu sana. Akasema, Mama, dada yangu aliniambia akifa azikwe na ninyi, na mimi nilikubali ingawa wazee nyumbani hawakupenda. Lakini kama hamumtaki, semeni tu, nimpeleke kwetu. Huko hawezi kukosa watu.

Ufunguo sikuungoja, saa zilikuwa zimekwenda. Nilivua buibui nikakunja mikono ya gauni.

Kitanda chetu kilikuwa mlango wa Nabwire. Aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba, Mkristo wa watu, akausugua kwa sabuni, kisha yeye na Oketch wakashika kazi ya kuchota maji. Karai ni langu la kufulia. Wanawake wawili waliinuka mkekani wakanifuata ndani, waliobaki walibaki. Sanda nilitoa ile yangu ya sandukuni. Usishtuke, nitanunua nyingine, Mungu akinipa muda. Tulimzika jua likiwa limebaki kidogo tu, na Bwana Obeid alikuwa safu ya mbele katika swala ya jeneza, kanzu nyeupe pe.

Kesho yake akanitumia leso. Ndiyo, leso! Pamoja na salamu kwamba kamati imekaa, imeamua kunisamehe, na siku ile itahesabiwa kama zamu yangu. Kunisamehe mimi! Nimeikata vipande vinne, napangusia masizi ya sufuria.

Sasa dada, nimezunguka weee, lakini kuna neno nililikwepa tangu juu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwenye zamu wiki ile, mwenye ufunguo, ni Rehma. Rehma wako, uliyeniachia ulipohamia Nakuru. Alikuwa nyumbani kwangu siku nzima, anashona, ufunguo uko shingoni.

Niliporudi kutoka msibani nilimfokea mpaka majirani wakasimama mlangoni. Akaniambia, "Mama mdogo, nimefuata sheria." Nilikuwa karibu kumpiga. Ndipo akaanza kulia. Akasema mwezi wa tatu aliitwa Nyalenda kwa kichanga cha kike cha mpangaji mmoja kilichofariki, akaenda mbio akamwosha, na haikuwa zamu yake. Akasimamishwa mbele ya kikao, akaitwa kiherehere, wanawake wazima wakacheka. Hakuniambia kwa aibu. Akasema tangu siku hiyo akisikia msiba, kwanza anajiuliza Bwana Obeid atasema nini. Umeona, dada? Walimkuta mtoto ana moyo, wakamchapa mpaka ukakaa kimya, halafu wanampa leso. Hasira yangu kwake ilihama hapo hapo, ikaenda kwa wenyewe.

Nikamvua ule ufunguo. Kitanda, karai na birika vya kamati viko jikoni kwangu sasa hivi ninapoandika, na mlango siufungi. Mwenye msiba aje achukue, awe ameandikwa, asiwe ameandikwa. Bwana Obeid ameagiza nivirudishe kabla ya Ijumaa, la sivyo nitatolewa katika kamati na kutangazwa. Atangaze. Sirudishi.

Kwako naomba jambo moja. Mwandikie Rehma. Usimtukane, ameshatukanwa vya kutosha, na mimi nikiwemo. Mweleze ile siku mama alipofariki, mabomba yamekauka mji mzima, na nani alipanda kutoka ziwani na debe la maji kichwani, akashuka, akapanda tena, hata hajasilimu bado, hata jina la mama halijui. Mimi nikianza kumweleza nafika kwenye debe sauti inakatika.

Msalimie shemeji na watoto wote. Nabwire anakusalimu, mlango wake umerudi mahali pake.

Nijibu upesi, dada, barua yako ifike kabla ya Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Zeituni