Ugali kwa Tambi za Kichina

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Garland, huku ughaibuni, sote ni wazima. Nina miaka kumi na sita tu, lakini baba yako ni mtoto wa dada yangu, basi mimi ni bibi yako. Naandika kwa sababu kwenye simu naona haya.

Unauliza utulizeje hasira, kwa kuwa mkahawa wenu wa Kichina umeacha kupika kuku mtamu wa sukari. Wetu pia uliacha. Baba yangu alirudi kutoka kazini ghalani amechoka, akakuta tumemnunulia huko tambi za pilipili.

"Kuku wangu yuko wapi?"

Mama akasonga ugali. Baba akachovya tonge kwenye mchuzi wa zile tambi, jasho likamtoka, akacheka. "Hii pilipili ni ya kwetu Uvira!"

Siku hizi anaagiza tambi hizo tu. Ukija, tutasonga ugali kwanza. Hasira tutaiongelea tukishashiba.

Bibi yako mdogo,
Esta