Nusu ya Mshumaa wa Mama

Mtaa wa Wachimba Madini,
Bor, Serbia.
Alhamisi, 9 Novemba 2023

Mpendwa kaka yangu Milutin,

Pokea salamu zetu kutoka huku, zenye harufu ya moshi wa kuni na kabichi ya pipani, maana juzi tu ndiyo tumemaliza kuitia chumvi. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukipanda majukwaa ya ujenzi? Wifi yangu Dobrila hajambo? Teodora anaendeleaje na masomo? Huku mume wangu Velibor anakohoa na kuvuta sigara, vyote viwili kama kawaida yake. Mimi ni mzima. Mwanao Rastko amekonda, lakini anasimama kwa miguu yake.

Mama si mzima. Nakwambia mwanzoni kabisa ili usome haya mengine ukijua. Tangu turudi kwenye tamasha la filamu mwezi uliopita yuko hapa kwangu, na hatoki kitandani bila kushikwa mkono. Daktari anasema moyo umechoka, na kwamba hakuna cha kukata wala cha kushona. Supu anaonja vijiko viwili vitatu, kisha anageukia ukutani. Halalamiki. Ila kila asubuhi akifumbua macho ananiuliza, "Leo Jumamosi?" Unajua kwa nini anauliza. Jumamosi ndiyo siku basi la kutoka huko kwenu Vienna linapoingia.

Ningekueleza haya kwa simu, lakini nikitaja mama wewe huwa unaitwa na msimamizi wako, hata kama ni Jumapili. Kwa hiyo nimeandika, na barua nitampa dereva wa basi kesho. Karatasi haikatiki katikati ya sentensi.

Wiki iliyopita ulinipigia, na hata salamu hukumaliza. Ukauliza, "Wahakiki wamesemaje?" Nilijua unachoogopa. Umeona kipande cha filamu ya mwanao kwenye simu ya mtu, ukaiona nyumba yako, ukadhani watu wanaicheka. Haya, nitakujibu, maana ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii nakula kwa kuandika mabaya ya filamu za watu kwenye gazeti letu la wiki, na safari hii sikuweza kuandika hata mstari, kwa kuwa filamu ni ya mtoto wa kaka yangu. Nilikaa ukumbini nimefunga mdomo. Unanijua, kwa hiyo unaweza kukisia nilivyoteseka.

Filamu kubwa, ile ya fedha za wageni, ilikuwa ya muuguzi mfu katika hospitali ya zamani. Mlango unabamizwa, muziki unalia, unaruka kitini. Unatulia, mlango unabamizwa tena. Kulikuwa na binti mmoja anayeandika mtandaoni, anaitwa Anđelija, ana ulimi kama wangu wa zamani. Akasema, "Jamani, mlango ule umefanya kazi kuliko waigizaji wote. Ulipwe, na upewe likizo." Ukumbi ukacheka. Profesa Vidosav wa Belgrade akamjibu kwamba kutisha ni ufundi, na kwamba mtu aliyekata tiketi ili aruke, akaruka, hajadhulumiwa. Hapo ana haki yake. Lakini ni hofu ya mtu anayekupigia kelele sikioni: unashtuka, kisha unataka kumzaba kofi, na ukifika nyumbani unakula na kulala vizuri.

Palikuwa pia na vijana wa Niš waliojipiga picha msituni wakikimbizana na shoka. Damu yao ilikuwa maji ya kiazisukari chekundu, unaiona kabisa inavyoteleza. Profesa alilala. Alipoamka akasema filamu ina ukimya mzuri.

Sasa ya Rastko. Inaitwa "Mgeni wa Agosti". Mama mzee anaishi kwenye jiko la uani, nyuma ya jumba la ghorofa tatu lenye simba wa saruji getini. Kila Agosti linakuja dude lenye umbo la mwanamume, ndani ya gari kubwa, limebeba zawadi. Linakula, linalala, linaondoka. Na kila likiondoka, yule mama amepungua kimo. Agosti hii miguu haifiki sakafuni akikaa. Agosti inayofuata kidevu hakifiki mezani. Hakuna anayemgusa wala kumtukana. Anapewa chokoleti tu, na kuambiwa mwakani.

Ndiyo, Milutin, ni jumba lako. Makochi bado yana nailoni za dukani, na Rastko hakuongeza hata kijiko. Yule mama ni mama yetu. Alimwomba mjukuu wake nafasi hiyo mwenyewe, akasema asitafutwe mwigizaji wa mjini asiyejua kukamua mbuzi.

Profesa alisema nini kuhusu nyumba? Nakunukulia, maana niliyashika kwa moyo: "Hapa mwongozaji amezidisha chumvi. Anataka tuamini kwamba mtu atajenga vyumba vyote vile, aweke na simba, kisha mama yake alale jikoni uani. Hii ni katuni, siyo hofu."

Hakucheka mtu. Ulikuwa unaogopa kuchekwa, kaka, basi tulia, hukuchekwa. Nusu ya ukumbi walikuwa watu wa vijiji vyetu, na kila mmoja alitazama viatu vyake. Halafu jirani yetu mzee Trailo akainuka, kofia mkononi.

"Profesa, samahani, wewe nyumbani wapi?"

"Belgrade."

"Basi kesho usirudi. Njoo kwetu Krivi Do nikutembeze. Nitakuonyesha katuni barabara nzima, kushoto na kulia. Funguo ninazo mimi, wenyewe wako Vienna."

Funguo zako pia ziko kwenye kile kitita chake. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini profesa aliambiwa, na bado akaandika kwenye daftari lake kwamba wenyeji wa huku wana ucheshi.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Katika filamu kuna pomana, karamu yetu ya marehemu, tena ile ya mtu kujifanyia angali hai. Rastko aliwaambia majirani, "Njooni mkae mezani, mle kidogo, kamera itapita." Mtoto aliyelelewa na mama yetu tangu ananyonya kidole, tena aliyekaa kwenye pomana ngapi, akadhani unaweza kuwaita watu wa Krivi Do kwenye pomana ya kuigiza! Kina mama walikuja na ngano ya kuchemsha, mikate yenye alama ya msalaba na maharage yasiyo na mafuta. Walisimamisha kiti cha roho, wakakitundikia kioo na nguo mpya za kuvaa huko aendako. Nguo alizishona mama mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, na mimi nilidhani ni za Pasaka.

Rastko alipomwona ametoka na kitambaa kipya kichwani, akaelewa. Akamwendea.

"Bibi, hii ni filamu tu."

"Kwako filamu. Kwangu pomana."

"Lakini Bibi, baba alisema atakuandalia yeye."

"Baba yako alisema mwakani. Mwakani yake haina mwezi. Nenda kashike kidude chako, watu wana njaa."

Uliahidi, Milutin. Aliahidiwa mbele yangu na mbele ya ikoni, ile picha ya Mtakatifu Nikola. Hakuna pomana anayoitaka mtu kuliko ile anayoandaliwa na mwanawe wa kiume, na mwenye kuwasha mshumaa ni huyo huyo. Asiyekuwepo na lake halipo. Mama alitazama meza nzima, akamchukua yule kijana anayeigiza kuwa Mgeni, Ognjen, mtoto wa Belgrade asiyejua hili wala lile, akampa kiberiti. Kijana akadhani imeandikwa hivyo. Akawasha.

Watu wakajifanyia ishara ya msalaba. Mama akaanza kuwaita marehemu wetu kwa majina, baba wa kwanza. Na hapo hapo fundi wa taa, kijana mwema kabisa, akaona kivuli kimeingia pasipotakiwa. Akasema, "Samahani, turudie," akainama juu ya meza, akaupuliza mshumaa. Pff. Kama wa keki ya mtoto.

Sina haja ya kukueleza. Umekulia nyumba moja nami, na ulimwona bibi yetu alivyokuwa akilala na mshumaa chini ya mto kwa kuogopa asije akafa bila mwanga. Mshumaa wa pomana unaachwa uishe wenyewe. Ukizimwa, mwenyewe atatangulia gizani na kubaki gizani. Meza nzima ilipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia hata mazikoni. Jirani yetu Floarija alijivua kitambaa akajifunika uso. Trailo aliangusha kiti. Fundi wa taa akabaki ameinama, hajui amefanya nini. Mama peke yake hakupiga kelele. Aliufuata ule moshi kwa macho mpaka ukaisha.

Kamera ilikuwa inazunguka, na Rastko ameiacha sehemu hiyo ndani ya filamu. Nilimgombeza vibaya sana. Nilimwambia hana haya. Akanijibu, machozi yakimtoka, "Shangazi, nikiikata, nitakuwa nimeuzima mara ya pili."

Uliuliza wahakiki wamesemaje. Hapo ndipo walipogombana. Profesa alisema ni uigizaji wa kupitiliza, watu wazima wanapiga yowe kwa sababu ya mshumaa, tena bila muziki wa kututayarisha. Anđelija akasema, "Mimi mwaka huu nimeona watu wakichinjwa kwa kila kifaa cha jikoni na sikupepesa. Hapa hakuna hata tone la damu, na nimefumba macho. Naomba mtu aniambie niliogopa nini." Nilitaka kusimama nimwambie. Nilimtazama mama, nikakaa.

Alikuwa safu ya mbele, tumemfunga blanketi. Anđelija akamsogezea kipaza sauti, akapiga magoti kwa adabu, akamuuliza, "Bibi, hukuogopa kukaa kwenye karamu ya kifo chako mwenyewe?"

"Kifo?" mama akasema. "Mwanangu, mimi niliogopa watu hawatakuja. Walikuja."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wakadhani amemaliza. Kwa hiyo ni mimi na Rastko tu tuliosikia aliposema, "Wote, kasoro mmoja."

Tuzo ya kwanza ilichukuliwa na muuguzi na mlango wake. Rastko alipewa ya pili. Ameiweka jikoni kwa mama, juu ya jokofu, na hajaizungumzia tena.

Tangu siku Ognjen alipoelezwa alichokiwasha, hupiga simu kila Jumapili. Mara mbili amekuja na machungwa, akakaa kando ya kitanda. Kijijini wameshakubaliana kwamba aliyewasha mshumaa ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza. Kijana hana ubaya wowote, na mimi siwezi kumtazama usoni, maana ana zile nywele alizochanwa ili afanane na wewe. Mama anamwita mwanangu. Usijidanganye kwamba amechanganyikiwa. Anajua vizuri ni nani.

Ule mshumaa uliungua nusu. Mama ameufunga kwenye leso na kuuweka kwenye kabati la vyombo. Trailo alimletea kiberiti, akamsihi uwashwe tena uishe, mambo yaishe. Akakataa. "Yule kijana ameshawasha nusu yake," akasema. "Hii ni ya Milutin. Akija, awashe. Akija Agosti, mpeni aweke mfukoni, itammulikia nyumba yake."

Nimekukasirikia, kaka, na sitaificha hasira yangu kwa maneno matamu. Lakini nakumbuka pia nani alinibeba mgongoni theluji ilipofunga njia ya shule, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kuacha mambo yajiendee. Njoo. Usipitie madukani. Usilete chokoleti wala blanketi la umeme. Kiberiti kipo.

Wifi Dobrila msalimie, umwambie simlaumu. Mbusu Teodora. Trailo anakusalimu na anasema bomba la ghorofa ya juu limepasuka, amelifunga. Floarija anakusalimu. Rastko hakuniambia nikusalimu, lakini alipoona naandika aliniletea kahawa bila kuombwa. Bikira Mtakatifu akulinde juu ya hayo majukwaa, na akufungulie barabara mpaka mlangoni kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikikugombeza,

Jagoda

Ijumaa. Dereva ameshawasha gari na ananisubiri, naandika juu ya goti. Leo asubuhi mama alifumbua macho, akanitazama, na hakuuliza kama ni Jumamosi. Usisubiri basi la Jumamosi ijayo.