Koti la Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba watoto, ambaye mguu bado unamsumbua kukiwa na baridi. Magoti yako yanaendeleaje? Nakuombea kila asubuhi. Mimi namshukuru Mungu, ila yale macho niliyokulalamikia bado hayajatulia.

Siku hizi nashona nguo za maigizo pale ukumbini. Mchezo wenyewe ni wa zamani sana: mtawala anawatesa watu, rafiki zake wanamchoma kisu na kusema wameikomboa nchi. Kwenye joho lake nimeficha kifuko cha rangi nyekundu, juu yake nikatia alama ya uzi mweupe ili muuaji asikosee pa kuchoma. Muuaji ni mwalimu wa hesabu, mpole kupindukia. Kila akishachoma anamwomba mwenzake radhi, sisi hoi kwa kicheko.

Juzi wakabishana. Mwalimu alisema dhalimu asiyesikia maneno hana dawa nyingine. Msimamizi wa mchezo akamjibu kwamba ni kweli mwenye kisu ana hoja, lakini aliyeuawa naye ana mke. Waliponigeukia, nikajifanya nimebana pini mdomoni.

Ndipo binti anayeigiza mjane akaniuliza mke angelishikaje lile joho. Bila kufikiri nikaligeuza ndani nje, nikapitisha kidole tundu moja la kisu baada ya jingine. Msimamizi akataka kujua nimejifunzia wapi.

Nikasema, "Kwa dada yangu."

Yaliyobaki sikuwaambia. Nakuambia wewe.

Mwaka ule wa vurugu, shemeji, mumeo, akiwa mwenyekiti wa mtaa, aliandika majina ya waliogoma kiwandani, na baba watoto, aliyekuwa mmoja wao, akapigwa, akarudishwa kwangu hawezi kutembea. Wiki ile ile wakaja vijana wawili kwenye cherehani yangu. Hawakuwa wa mtaa wetu. Walitaka kujua mwenyekiti ni yupi. Nikawaambia, "Ni yule mwenye koti la kijivu, kiwiko cha kushoto kina kiraka cha bluu." Kiraka nilikitia mimi, wewe umekaa pembeni ukinichekesha.

Nilijiambia watamtisha tu, aache ule wadhifa. Lakini sikuwauliza, dada. Miaka kumi na tisa nasali nikimwambia Mungu sikujua, na Yeye anajua kwa nini sikuuliza. Shemeji aliumiza watu wengi, hilo silifuti. Ndiye huyo huyo aliyembeba mama mgongoni hadi hospitali.

Mara tatu umeniletea lile koti alilouawa nalo niyazibe yale matundu, mara tatu nikasingizia macho. Macho yangu hayana ugonjwa wowote. Nitumie koti, kama mkono wangu bado unakufaa.

Wasalimie wanao wote wanaoniita mama mdogo, ikiwa utawaacha waendelee kuniita hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kushika sindano.