Mshale wa Baba Ulipotikisika

Karakana ya Mizani,
Nyuma ya Soko,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Gramu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mabomba yako marefu. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Asubuhi hii amenigombeza kwa shati lisilopigwa pasi, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu.

Najua simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, ingawa mwandiko wangu unaujua, kama kuku kaparura.

Kazi ipo. Wiki hii wauza nyama wawili wameleta mizani zao, wakidai zinawapunja. Miaka ishirini katika ufundi huu, sijaona muuza nyama akilalamika kuwa mizani inampendelea.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Leo asubuhi nimehamisha kabati la Baba pale karakana, na nyuma yake nimekuta daftari.

Unakumbuka ile barua uliyomwandikia mwaka jana? Baba alikuwa na msemo wake, kwamba kitu kikiwa na uzito mizani inajua papo hapo. Wewe ukamjibu kuwa hata uvutano una safari. Unakwenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita laki tatu kwa sekunde, hauzidishi. Ukamwambia jua likiondolewa ghafla, dunia itaendelea kupazunguka mahali patupu kwa dakika nane kabla ya kujua. Tena ukasema nyota mbili nzito mno zikigongana huko mbali, hutoa mawimbi ya uvutano yanayotupitia hata sisi, madogo kiasi kwamba nyinyi mnayavizia kwa mwanga unaopita ndani ya mabomba ya kilomita nne, na lori likipita tu linawadanganya.

Alinifanya nimsomee barua hiyo mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Basi Gramu anapima kitu ambacho mimi sijawahi kukipima." Akavaa miwani, akarudi kazini.

Kumbe hakuiacha. Kila asubuhi kabla hatujafungua, alikuwa anaitoa ile mizani ya sonara yenye sanduku la kioo, anaziba nyufa za dirisha kwa matambara, anazima feni, anakaa kuutazama mshale. Mimi nilidhani anapumzika. Nilimwambia hata mke wangu kuwa mzee sasa ameanza kuchoka. Daftarini ameandika: "Jumatatu. Imetikisika. Lori la saruji." "Jumatano. Imetikisika. Kilo amefunga mlango kama anafukuzwa." Ni kweli, mlango naufunga hivyo. "Ijumaa. Kimya." Kurasa thelathini za namna hiyo. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kisha nikajikuta sicheki tena.

Nifike basi pale ninapopakwepa. Baba alipofariki, wewe ulikuwa umebakiza siku tisa kutetea tasnifu yako. Ni mimi niliyeamua usiambiwe. Mama alikataa, nikambana. Shangazi aliniambia nitajuta, nikamwona hajui masomo ni nini. Tukamzika bila wewe. Siku tisa ukawa unamtumia Baba picha na utani wako, na mimi nikakujibu kwa simu yake, "Mzee amelala." Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Ulikuwa unalizunguka jua ambalo halipo, mdogo wangu. Ila uvutano ukichukua dakika nane ni kwa sababu hauna mwendo mwingine wa kuzidi huo. Haufichi kitu. Mimi nilikuwa na simu mfukoni. Niliwaambia watu kuwa nakulinda, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kukusikia ukilia. Nilikunyima kumzika baba yako. Nisamehe. Sikuombi unijibu leo wala mwezi huu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa siku ile ile aliyofariki. Nanakili kama ulivyo:

"Alhamisi. Saa mbili na robo. Imetikisika sana. Hakuna lori. Feni nimezima. Kilo hajafika. Nimwulize Gramu kama huko nako wameipata."

Nilifika saa tatu kasorobo. Nilimkuta ameinamia meza, mkono wake uko kando ya sanduku la kioo, kalamu imeanguka chini; daftari bila shaka liliteleza nyuma ya kabati lililo ubavuni mwa meza. Mimi ni fundi, sihitaji kuambiwa ni nini kilichoitikisa mizani ile. Ni mkono wake juu ya meza, uliokuwa umeshaanza kutetemeka bila yeye kujua. Lakini swali hakuniuliza mimi. Amekuuliza wewe, na limekaa nyuma ya kabati miezi saba bila jibu.

Nimemsomea Mama. Alilia kidogo, akafuta macho kwa kanga, akaniambia, "Usikae nalo. Lipeleke posta leo, hata chakula utakula ukirudi." Kwa hiyo daftari lenyewe limo humu ndani, pamoja na barua hii.

Mama anakusalimu sana na kukuuliza kama unakula. Shangazi anakusalimu, na amesema nikuandikie kuwa alinionya. Wifi yako na watoto wote wanakukumbuka. Yule mdogo bado anadai umeahidi kumletea nyota. Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako na akulainishie moyo, nami anipe subira ya kukungoja.

Sasa ni saa tisa na nusu na posta inafungwa saa kumi. Nimevaa viatu tayari. Hii ndiyo habari ya leo, nawe nimekupa leo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Kilo