Mlango Aliofungiwa Sámal

Skarvadalur,
Visiwa vya Faroe,
9 Novemba 1986

Mpendwa kaka Hanus,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. U hali gani? Na wifi Birthe, goti lake limepata nafuu? Mimi mzima, ila macho yananisumbua, ndiyo maana mwandiko umelala. Kondoo tulichinja mwezi uliopita, na nyama inakauka kibandani kama kawaida.

Kaka, Sámal anakufa. Nimezunguka weee, lakini habari ndiyo hiyo. Daktari anasema mapafu yamekwisha, Krismasi hataiona. Amekuulizia mara mbili. Najua hamjaonana tangu tulipomzika baba, miaka thelathini na miwili, nawe unaamini ni maneno yako yaliyomfukuza ndugu yetu huyu wa mama mwingine.

Hukuwepo wazee wa kijiji walipomwendea kumwomba msaada, ulikuwa umeshahamia Denmark. Ukungu ulikuwa umetuulia watu wawili mlimani wakati wa kukusanya kondoo, na hakuna aliyeijua miteremko kama yeye, aliyekuwa akiishi peke yake kule ng'ambo ya mlima kwa mwaka wa nne. Aliwacheka. "Leo mmeniona? Jana si mlisema mimi mtoto wa mjakazi?" Mzee Jákup akamjibu, "Tulisema. Sasa tuongoze, acha maringo."

Wakangoja masharti yake. Alitaka jambo moja tu: kwenye ukungu kila mtu aitwe kwa jina, na asishuke mtu mpaka wote waitike. Tangu hapo mlima haujatuchukulia mtu.

Jumapili ya mwisho kabla ugonjwa haujamlaza Sámal, kasisi hakuweza kuvuka kwa mawimbi, hivyo Sámal akatusomea mahubiri ya kitabuni. Yalikuwa ya Yefta, yule aliyefukuzwa na nduguze, kisha shida ilipowabana wakamfuata awaongoze. Unajua msomaji haruhusiwi kuongeza hata neno lake moja. Yeye akafunga kitabu. Akasema Yefta alikuwa shujaa, lakini alirudi kwao na kinyongo chake. Kila mtu alimwekea masharti kwanza, hata Mungu alimwekea nadhiri, na nadhiri hiyo mwisho ikamwangamiza binti yake. "Ukiongoza watu, usiwadai yaliyopita," alisema. Jákup akanguruma kutoka nyuma, "Soma, Sámal! Wa kuhubiri tunaye!" Watu wakacheka. Mimi nililia, wakadhani ni mafua.

Sasa nisikilize. Siku ile ya mazishi ulimtolea maneno makali, kweli, naye akaondoka, lakini hasira ilipokuisha ulitoka kwenda kumtafuta bandarini. Yeye akarudi kwa njia ya zizini, amelowa chapachapa. Nilikuwa jikoni peke yangu. Niliukomea mlango, kaka. Aligonga, akaniita kwa jina, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kumwona mama akimtazama na kulia. Uliporudi nikakwambia ameondoka bila kugeuka nyuma, nawe ukauchukua mzigo wangu ukaenda nao ughaibuni. Nimekuacha uubebe ujana wako wote, na naona aibu mpaka mifupani.

Juzi nilimwambia yote nikimnywesha supu. Akasema, "Marjun, nilikuona dirishani. Na hii supu haina chumvi." Alijua! Miaka ishirini na minane amekuja kula kwangu kila Jumapili, akijua.

Nilimwomba anisamehe. Pumzi zilikuwa zikimpaa. "Mimi nilishakusamehe zamani," akasema. "Mwandikie Hanus. Yeye ndiye uliyemwonea."

Basi nimekuandikia. Panda meli ya kwanza utakayoipata. Ukishuka, nenda kwake moja kwa moja, usipitie kwangu. Mlango wake hauna komeo, alikataa kuliweka tangu ajenge. Mimi nitakuja ukiniita, na usiponiita nitaelewa.

Nisalimie Birthe, na umbusu Lisbet kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awatulizie bahari, na awaache nyie wawili mwonane mkiwa hai.

Dada yako akupendaye, aliyekukosea,
Marjun