Kiungo cha Cherehani

Jumanne, 8 Julai
Vidonge saa kumi na mbili asubuhi. Kimoja cha kutoa maji mwilini, kimoja cha presha, kimoja cha moyo. Uji wa ulezi, nusu bakuli. Dada Mwanaidi amekataa nusu ya pili. Miguu imevimba mpaka karibu na goti. Jana ilikuwa chini zaidi.

Kliniki ya moyo Dodoma ni tarehe 18 Agosti. Daktari alisema asiikose. Alisema pia asisafiri akiwa amekaa, asafiri amelala. Maana yake gari la kukodi. Kidonge cha moyo hakimo kwenye bima. Pensheni yangu inabeba kimoja tu, gari au kidonge.

Salome, mhariri wangu wa zamani, amepiga simu kutoka Dar es Salaam. Nikamweleza. Akasema, "Kaka, una blogu, watu wanasoma, unawapa bure. Weka viungo vya bidhaa. Mtu akibofya akanunua, duka linakupa kamisheni." Blogu inaitwa Njia ya Msafara. Historia ya njia ya zamani kutoka hapa Tabora kwenda Ujiji na pwani, habari za vikao vya halmashauri, na tanzia. Zinazosomwa zaidi ni tanzia. Watu wa huku wametawanyika nchi nzima, hujua nani amekufa kupitia kwangu.

Jumamosi, 12 Julai
Nimejiandikisha kwenye duka moja la mtandaoni. Nimesoma masharti yote, kurasa kumi na moja, kwenye simu. Kompyuta ilikufa mwaka jana. Kamisheni hushikiliwa siku thelathini baada ya mauzo, mteja asije akarudisha bidhaa. Na hailipwi mpaka ifike kiwango cha chini.

Kanuni yangu ya kazini, miaka thelathini na moja gazetini, ilikuwa siandiki nisichokiona. Hapa nimeigeuza kidogo. Sipendekezi nisichokishika. Nilivyovishika ni vitatu: tochi, redio, chupa ya chai. Nimeviandikia aya moja moja.

Jumatano, 16 Julai
Waliobofya ni wanne. Wawili ni mimi, nikijaribu.

Jioni amekuja Yohana, jirani, fundi mstaafu wa injini za treni. Mgogo. Watani wetu hao tangu wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakipita Ugogo na kutozwa hongo ndipo waruhusiwe kuendelea. Yohana anaishi kama vile hongo hiyo haijalipwa.

"Mke wangu hajambo?" Humwita dada hivyo, ana mke wake na wajukuu saba.

"Mume mwenyewe hajaniletea hata ndoo ya maji," dada akajibu.

Akaniona na simu. Nikamweleza viungo. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Wewe unabeba tochi ndani ya simu. Mzigo umepungua, na akili nayo imeshuka humo humo!"

Dada alicheka akakohoa, akakohoa sana. Yohana aliacha utani, akamletea maji. Akanywa kidogo kidogo mpaka pumzi iliporudi.

Jumapili, 20 Julai
Hakuna mauzo. Dada aliniita chumbani. Akasema nyumba hii haina ujuzi wa tochi. Niandike cherehani.

Anayo moja ya mota, ya miaka sita, iko kando ya kitanda. Duka linauza aina hiyohiyo. Amefundisha wasichana wengi juu yake na juu ya ile ya miguu iliyotangulia. Nikakaa kwenye kigoda, yeye akasema, mimi nikaandika.

Niliandika "imara". Akaniambia nifute.

"Imara ni neno la muuzaji. Andika imeshona jinzi mikunjo minne, sindano haikukatika. Andika mota inapata moto ukishona saa mbili mfululizo, uipumzishe. Andika mkanda utalegea mwaka wa tatu, mnunuzi asikubali kuuziwa mota mpya."

Amesema kwa saa moja na dakika kumi. Hajazungumza kiasi hicho tangu Mei. Nimeichapisha kama alivyosema. Ndiyo habari bora niliyoandika mwaka huu na sikuitunga mimi.

Jumanne, 29 Julai
Hospitali, kupima presha na maji mwilini. Benchini kwa saa tatu. Dada alilala begani kwangu.

Ujumbe kutoka dukani. Wana kifaa kinachogeuza maneno yenyewe kuwa viungo, mwandishi asihangaike. Unachagua aina ya bidhaa, unachagua ukurasa mmoja au blogu yote. Nikachagua cherehani. Blogu yote. Yalikuwepo maelezo marefu chini yake. Wakati huohuo jina la dada likaitwa. Nikabonyeza "kubali" nikamwinua.

Sikurudi kuyasoma. Mimi ninayesoma bajeti ya halmashauri mpaka kiambatisho.

Jumanne, 5 Agosti
Imeuzwa chupa moja ya chai. Nilimwambia dada. Akauliza ya lita ngapi. Nusu lita. Akasema basi huyo anakunywa peke yake, maskini.

Niandike ukweli hapa, hakuna mwingine wa kuusoma. Hata wangenunua watu mia leo, fedha isingefika kabla ya tarehe 18. Siku thelathini. Nimelijua hilo tangu tarehe 12 Julai, lilikuwa ukurasa wa nne. Pikipiki yangu nimeiuza Ijumaa iliyopita. Gari limepatikana, dereva anaitwa Seif, kiti cha nyuma kinalala. Kwa hiyo viungo havina kazi tena.

Bado ninaviandika kila siku. Ni kwa sababu vinanikalisha sebuleni. Chumbani naiona miguu yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Ametaka kitambaa cheusi kilichokuwa kabatini. Ananishonea koti la safari ya Dodoma. Nikamwambia apumzike. Akasema asiponishonea nitamwaibisha mbele ya madaktari na lile la kazini lenye viwiko vyeupe. Anashona dakika tano, analala saa moja. Macho hayaoni tena tundu la sindano. Kila mara mimi humtilia uzi.

Jumatano, 13 Agosti
Dada Mwanaidi amefariki leo saa tano na nusu asubuhi, chumbani kwake, Isevya.

Saa nne na dakika ishirini aliniita. "Rama!" Nikajibu nakuja. Nilikuwa narekebisha aya ya redio. Saa nne na nusu akaita tena, kwa sauti ya chini kidogo. Nikajibu nakuja. Niliingia saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa amelala, amegeukia ukutani, anapumua kwa shida. Hakusema alichoniitia. Nilimwuliza mara mbili. Nikampigia simu Yohana, akaja na gari la mwanawe. Tulipomwinua alikuwa ameshakata roho.

Dakika thelathini na tano.

Jioni nimeandika tanzia nikaichapisha. Sentensi tisa. Sikuisoma tena baada ya kuchapisha.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumezika baada ya swala ya adhuhuri. Watu wengi. Wanafunzi wake wametoka Nzega na Bukene kwa magari ya usiku.

Kaburini Yohana alichukua jembe, akalilaza njiani mbele ya jeneza. "Mizigo chini! Hapa ni Ugogo. Huyu ni mke wangu, hapiti bila hongo." Waliokuwa wanalia wakacheka. Watu wakampa sarafu, mmoja akampa kofia. Akavitupa. Akaja kwangu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu yangu, akatoa simu.

"Hongo yangu ni hii."

Nikamwambia, Yohana, kuna watu wanapiga.

"Wapige. Utaikomboa tanga likianuliwa. Siku tatu hakuna kuandika. Ulie kama watu."

Utani haukatazwi kaburini. Nilimwachia. Akaondoa jembe, tukapita.

Ijumaa, 15 Agosti
Sina simu. Nimekaa mkekani na wanaume. Mchana nimelia. Muda mrefu, sikuupima.

Jumapili, 17 Agosti
Tanga limeanuliwa asubuhi. Yohana amerudisha simu. "Hongo bado nakudai. Hii ilikuwa rehani tu."

Nilifungua tanzia saa nne. Sentensi ya tatu: "Alikuwa fundi wa cherehani kwa miaka arobaini." Neno cherehani lilikuwa la bluu, limepigiwa mstari. Ukilibofya linakupeleka dukani. Sentensi ya sita: "Wengi walijifunza kwenye cherehani yake." La bluu pia. Kile kifaa. Blogu yote.

Siku nne lilikaa hivyo. Tanzia imesomwa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Cherehani tisa zimeuzwa. Kiwango cha chini kimepitwa mbali.

Kwenye maoni mtu ameandika: "Siku hizi na misiba inauzwa?" Wengine wakamuunga mkono.  Alichosema ndicho kilichotokea.

Nimezima kifaa. Ilibidi nirudie mara tatu. Naona aibu kiasi ambacho sikuwahi kuona kazini, na kazini nimewahi kumwandika mtu hai kuwa amekufa.

Nilimwambia Yohana. Nilitarajia anichambue. Alivua kofia. "Basi nimeuza mimi. Ningekuachia simu ungeona, ungefuta." Nikamwambia aliyebonyeza "kubali" ni mimi. Akasema tugawane. Hakucheka.

Jumatatu, 18 Agosti
Siku ya kliniki. Seif alifika na gari saa kumi na moja alfajiri. Sikukumbuka kumpigia asije. Alikuwa ametandika kiti cha nyuma, na mto. Nikamwambia dada amefariki. Akakaa kwenye ngazi kidogo, kisha akaondoka.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeamua kuwatafuta walionunua. Duka halitoi majina. Mmoja nimempata kwa sababu alipiga mwenyewe. Nyamizi, wa Bukene, alifundishwa na dada kwa miaka miwili. Alikuwepo mazikoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Anataka kujua uzi wa namba ngapi, cherehani mpya imefika. Nikamweleza ukweli, taratibu, kama ninavyosahihisha habari. Kile kiungo kwenye tanzia sikukiweka mimi. Ni kifaa. Ni uzembe wangu. Kama anataka kuirudisha, bado ana siku.

Akaniacha nimalize. 

"Mjomba, mimi nilibofya nikafika dukani. Nikaogopa, vya mtandaoni si unavijua. Nikarudi kwenye blogu kutafuta. Nikakuta ile habari ya mota na mkanda. Nikasema huyu ni mama anaongea, hata kama hajaandikwa jina. Ndiyo nikanunua. Siirudishi."

Kweli sikuliandika jina lake. Nilichapisha maneno yake chini ya jina langu. Kosa la pili, na hili hakuna kifaa cha kukisingizia.

Jumamosi, 20 Septemba
Fedha imeingia asubuhi. Ingetosha gari la Dodoma kwenda na kurudi.

Nilimpelekea Yohana yote, ndani ya bahasha. Nikamwambia hongo yako. Alihesabu kwa macho, akaniangalia. Mtani hakatai hongo. Akaipokea kwa mikono miwili. "Piteni," akasema.

Jumapili, 21 Septemba
Mchana umefika mkokoteni. Magunia mawili ya mchele, mafuta, vitunguu, na mbuzi. Mwenye mkokoteni kasema ametumwa na mume wa marehemu.

Jumatatu, 22 Septemba
Arobaini. Khitma imesomwa asubuhi, watu wamekula, wameondoka. Yohana amegombana na wapishi kuhusu chumvi mpaka mwisho. Nyamizi ameosha sufuria zote na kuzipanga anavyotaka yeye.

Nimeondoa viungo vyote kwenye blogu, isipokuwa kimoja. Habari ya cherehani imebaki. Juu yake nimeandika: "Maneno haya ni ya Mwanaidi, fundi wa Isevya, aliyefariki tarehe 13 Agosti. Mdogo wake aliyaandika. Ukinunua kupitia hapa, mdogo wake hulipwa kamisheni." Nimesoma mara tatu. Hakuna cha kurekebisha.

Alasiri nimefungua chumba chake kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Koti bado limebanwa kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili nusu. Kipande cha uzi mweusi kilikuwa sakafuni, ncha imelowa mate ikakauka. Vingine viwili kando yake.

Sindano ina uzi. Sijui aliutiaje peke yake.

Nimeifunika cherehani ilivyo.