Ampea za Kabati la Saba

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mgongo umekataa tena. Tumeshusha kwenye gari mashine nne mpya za kompyuta, za kutunza data za wateja. Kila moja inataka wanaume wawili wazima. Tulikuwa mmoja na nusu — mimi na Batholomeo, fundi umeme, mwenye bega bovu.

Zitaingia kabati la saba. Mbele ya kabati baridi ya kuua, nyuma joto kama jikoni. Kazi yangu kubeba, kufuta vumbi, na kila saa kusoma namba za umeme na kuziandika kwenye daftari hili. Kurasa za nyuma ni zangu. Hakuna anayezifungua.

Kabati lina laini mbili za umeme, A na B. Kila mashine ina nyaya mbili, mmoja huku, mmoja kule. Laini moja ikifa, nyingine inabeba mashine zote. Mwisho wa kila laini ni ampea kumi na sita. Zikizidi, breka, ile swichi ya kujikata, inaruka, kabati zima giza. Hayo kanifundisha Batholomeo. Shule niliishia darasa la sita.

Mke wangu Sikudhani kapiga simu kutoka nyumbani Kakonko. Uvimbe wa tumboni umekua, kanga haizunguki vizuri tena. Daktari kasema apasuliwe, Septemba isipite. Nikamwambia subiri bima, mama. Miaka miwili mimi ni kibarua hapa! Injinia Eliakimu, msimamizi wetu, anapeleka majina ya kuajiriwa mwisho wa mwezi huu. Nikiajiriwa napata bima, na mke wangu anapasuliwa. Njia nyingine sina.

Jumanne, 6 Agosti

Saa nne asubuhi, kabati la saba: A 7.8, B 7.7. Moja ikifa, nyingine inabeba 15.5. Na mashine mpya hazijaingia bado.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nzuguni kutazama madume ya ng'ombe na matrekta. Ofisi zote zimefungwa.

Eliakimu kaja peke yake na mita mpya ya kubana waya, bado ina nailoni. Kachagua leo kwa sababu kumetulia. Shikamoo mzee — marahaba — akaanza. A 5.6. B 5.5. Akajumlisha kwenye simu. Kumi na moja na nukta moja. Mashine mpya zitakula kama tatu. Kumi na nne! Nafasi ipo, akasema, hata ya kuuza.

Nikamfungulia daftari. Nikamwambia Injinia, tazama Jumanne. Leo hakuna mtu kazini, zahanati hazitumi majibu ya maabara, ofisi hazijafungua kompyuta. Mashine zimekaa tu.

Akacheka, si kwa ubaya. "Mzee Msafiri, umeme haujui sikukuu." Akasema kile kioo cha kabati ninachosomea namba ni cha zamani, kinadanganya. Mita yake ina cheti.

Kisha akatoa fomu. Kwenye mstari wa aliyepima akaandika jina langu. Nikauliza mbona mimi? Akasema aliyesimamia hawezi kuwa ndiye aliyepima, na tupo wawili tu. Halafu akasema taratibu, huku anavuta zipu ya begi: wanaoajiriwa ni wale wenye kazi zilizosainiwa.

Nimesaini. Saini imetoka nzuri, bila kukosea. Hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 9 Agosti

Tumezipandisha mashine nne. Kidole cha gumba kimebanwa, kucha nyeusi.

Nimemweleza Batholomeo kuhusu vipimo vya jana. Akakaa kwenye boksi akacheka mpaka akakohoa. "Yaani mmemuuliza punda kama amechoka, naye amelala!" Kisha akaacha kucheka. Akauliza nani kasaini. Nikajitia kufuta vumbi. "Aa, kaka," akasema. Basi.

Akanieleza breka hairuki palepale. Mzigo ukizidi kidogo inavumilia, dakika kumi, ishirini, inapata joto. Halafu inakata bila kuaga.

Nikamuuliza, nimwendee nani? Akasema juu ya Eliakimu kuna watu, lakini hao hawajui hata jina langu. Kweli.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumefanya jaribio. Eliakimu kazima laini A mwenyewe. B ikapanda hadi 14.2 na kusimama hapo. Nusu saa. Haikuruka!

Kanipiga begani: "Unaona, mzee? Ulikuwa unanitisha bure." Nilitaka kusema leo nayo ni Jumamosi. Nikasema ndiyo, Injinia. Jina langu limeingia kwenye orodha ya ajira, kanionyesha kwenye simu. La pili kutoka juu.

Nimempigia Sikudhani. Kalia, halafu kacheka, halafu kaniuliza nguo gani huvaliwa hospitali kubwa.

Jumapili, 11 Agosti

Nimefua. Nimelala. Upepo na vumbi mtaa mzima wa Majengo. Ningefurahi zaidi kama nisingejua kusoma namba.

Jumatatu, 12 Agosti

Saa 3:10 asubuhi. Betri kubwa ya laini A imekufa. Mlio, harufu ya plastiki, kimya. Kabati lote liko B.

3:14. B 16.3.

Eliakimu hapatikani. Yuko kikaoni, simu zimeachwa mlangoni.

3:19. B 17.9. Watu wanafika kazini, wanawasha.

Batholomeo yuko Gulwe kwa kazi nyingine. Kapokea. "Toa mashine! Yoyote, toa sasa hivi!" Mtandao ukakatika.

Nimekimbia kwa Aneth mapokezi. Kasema baba, mashine ya mteja haiguswi bila karatasi ya Injinia, ukigusa umejifukuza mwenyewe. Ni kweli, imeandikwa mlangoni. Nikamwambia isipoguswa, kabati lote linazimika, na kipimo nimesaini mimi. Akasema mbona ulisaini?

3:26. B 19.1. Nimegusa breka kwa nyuma ya mkono. Moto.

Chini kabisa kuna mashine ya majibu ya maabara. Zahanati za Mpwapwa zote. Kuna mtu sasa hivi kakaa kwenye benchi huko, anasubiri kuitwa jina.

Naandika ili mkono usibaki bure.

3:29. B 19.8.

Nimechomoa mpya ya juu. Taa zake zimekufa moja moja. B 18.7.

Nimechomoa ya pili. B 17.6.

Aneth amesimama mlangoni, anapiga picha kwa simu. Kasema samahani baba, lazima niripoti. Nikamwambia piga, lakini na namba hizi zionekane.

3:33. Ya tatu. B 16.5. Bado imezidi. Ya nne nimeishika waya.

Simu inaita mfukoni. Eliakimu.

Ngoja kwanza nichomoe.